UZI: Sigara Mama Ngina, Pirates na kwenye steji. Mkitukataza, tuonyesheni basi pa kuvutia

Kusi_la_Mrima (mwenye uzi)

Wanajukwaa, assalaam aleikum na habari zenu.

Leo naomba tulijadili hili bila matusi. Kila likiguswa humu, wavutaji huona wanafukuzwa mjini na wasiovuta hujivisha umalaika.

Nazungumzia sigara nje, hapa kwetu Mombasa. Ndani ya ofisi na mikahawa mambo yashaeleweka, hata anayevunja hujua anavunja. Naulizia ukuta wa Mama Ngina jioni, ufuo wa Pirates siku ya Idi, foleni za matatu, bustani ya pale Pembe za Ndovu. Huko ukimwambia mtu "ndugu yangu, moshi", jibu ni moja: "Si tuko nje?"

Sheria kwanza, ili tusibishane hewani. Kenya iliuridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku tarehe 25 Juni 2004. Sheria yetu ya Kudhibiti Tumbaku ni ya 2007, ikaanza kutumika 2008. Wengi hudhani inahusu majengo peke yake. Sivyo. Imevigusa vituo vya magari ya abiria, masoko, viwanja vya michezo na burudani, hata bandari. Ukipatikana unavuta pasiporuhusiwa, faini haizidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Na sheria hiyo hiyo inaruhusu patengwe mahali pa kuvutia.

Hapo pa kutenga ndipo ninapotaka tukae. Hebu mtu aniambie: mgeni ameshuka basi Mwembe Tayari, ana kiu ya sigara, na hataki kumkera mtu. Aende wapi? Nairobi katikati ya jiji wavutaji wanazijua sehemu zao. Huku kwetu kila mtu ana maarifa yake: nyuma ya kibanda, chini ya mbuyu, kando ya maji. Marufuku ya namna hii humwachia mwenye sare achague nani mkosaji leo na nani rafiki.

Sasa la moshi wenyewe. Mimi si wa kutisha watu. Moshi wa nje si sawa na wa chumbani, na anayesema ni sawa anaharibu hoja yetu. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima moshi wa sigara mabarazani, bustanini na kwenye meza za nje za mikahawa. Waliona kwamba sigara ikizimwa, hewa husafika mara moja, jambo lisilotokea ndani. Lakini pia waliona kwamba ukiwa chini ya nusu mita kutoka kwa mvutaji, upande unakokwenda upepo, unachovuta kinakaribia cha ndani ya nyumba. Ukisogea zaidi ya mita mbili kinapungua sana.

Hizo mita mbili zipelekeni Mama Ngina. Benchi na meza zimebanana, na upepo wa kusi unapovuma unatoka baharini kuja nchi kavu. Mtu akikaa ukutani na sigara yake, moshi haurudi baharini hata kidogo. Unapita kwenye mihogo, kwenye bajia, kwenye kijiko cha mtoto wa mtu.

Na hapa ndipo mimi naachana na wanaharakati wengi. Wao humsemea mtembezi. Mtembezi ana miguu, akikerwa ahame benchi. Yule mama wa mihogo atahamia wapi na karai la mafuta ya moto? Muuza madafu je? Mpiga picha wa ufukweni, makanga anayesimama steji kutwa nzima? Hao ndio wanaovuta moshi wa kila mpita njia kwa saa zote za kazi, na hakuna aliyewauliza. Kanuni yoyote ya nje ianzie kwao: pima kutoka pale mtu anapofanyia kazi, si kutoka anapopiga picha mgeni.

Kaunti ina uwezo. Jedwali la Nne la Katiba limeipa serikali ya kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa na kero za umma, tena limetaja waziwazi bustani, fuo na sehemu za burudani. Kwa hiyo tusiambiwe "hilo ni la Nairobi".

Karibuni. Wavutaji hasa, nataka kuwasikia.

Kahawa_Chungu

Nimeshika kikombe, nangoja vita.

Fegi_Mbili_Tu

Mwenye uzi angalau umeandika kwa adabu, nitakujibu kwa adabu.

Mimi navuta. Sioni fahari, na sihitaji mahubiri, nayapata nyumbani. Nilichotaka kusema ni kwamba kuna mji wa bara nilioenda kwa shughuli, nikawasha kando ya barabara. Wakanijia wawili, wakasema ni askari, hawana kitambulisho wala kitabu cha risiti. Hakuna kibao popote. Nikauliza pa kuvutia ni wapi, wakacheka. Bei ilianza kwenye hiyo 50,000 yenu, ikateremka hadi pesa ya chakula cha mchana. Mlio na hamu ya marufuku, hiyo ndiyo marufuku mnayoipata.

La pili. Mnahesabu moshi wa fegi moja, na malori yanayotoka bandarini kupita Changamwe mbona hamyahesabu? Kaeni kwenye foleni pale Makupa mvute dizeli, kisha mje mniambie mapafu yenu yananidai mimi.

Daktari_Mwanagenzi

@Fegi_Mbili_Tu la malori uko sawa na lafaa uzi wake. Moshi wa dizeli ni hatari, hakuna daktari atakayekubishia. Ila mwenye pumu haambiwi "vumilia hiki kwa kuwa kuna kile". Anavivuta vyote viwili kwa pua moja.

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na zisizopungua 69 zinajulikana kusababisha saratani. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo zaidi ya milioni 7 kwa mwaka vitokanavyo na tumbaku, na zaidi ya milioni moja kati ya hao ni watu ambao hawakuvuta sigara, walivuta moshi wa wengine. Nakubali kwamba sehemu kubwa ya hao ni moshi wa majumbani na makazini, si wa ufukweni. Mwenye uzi amefanya vizuri kutofautisha.

Mkumbuke pia sisi wasiovuta ndio wengi. Uchunguzi wa kitaifa wa 2014 ulionyesha watu wazima wanaotumia tumbaku nchini ni asilimia 11.6, wanaume asilimia 19.1 na wanawake 4.5. Lakini ukikaa baadhi ya mabaraza yetu utadhani ni asilimia tisini.

Binti_wa_Likoni

Mamangu ni muuza mihogo, kwa hiyo mwenye uzi umenigusa kifuani. Lakini yakhe, umeiacha nusu ya habari.

Hao wauzaji unaotaka kuwalinda, wengi wao ndio wauzaji wa hizo sigara! Angalia kwenye meza: mihogo, pilipili ya unga, ndimu, na kando pakiti imefunguliwa, zinauzwa moja moja, na kibiriti cha gesi kimefungwa uzi kisiibwe. Mteja ananunua, anawasha papo hapo, anasimama papo hapo. Mwambie asogee mita mbili uone kama kesho atarudi kununua kwako au kwa jirani.

Mama mwenyewe hukohoa. Tumemwambia aziache. Anasema sigara ndizo zinazoleta watu wa mihogo, na siku za mvua ndizo zinazolipa nauli ya feri ya mzigo. Sasa mlindeni, lakini mjue mnamlinda na biashara yake mwenyewe.

Kusi_la_Mrima (mwenye uzi)

Dadangu, hili ndilo zito kuliko yote yaliyosemwa humu, na ndilo lisilosemwa kwenye semina za hoteli.

Kuuza sigara moja moja kumekatazwa na sheria ile ile ya 2007: pakiti isiwe na chini ya kumi. Kila mtu anaona, hakuna anayeshtuka. Na ndiyo mlango wa vijana. Mwanafunzi hana pesa ya pakiti, ya moja anayo.

Lakini nikisema tuanze kwa kumkamata mama, nitakuwa mjinga. Anayesambaza anajulikana, gari lake hupita mchana kweupe, na hakuna anayemuuliza. Kamata mwenye karai, umetengeneza habari ya saa moja na umevunja nyumba. Mimi ningeanza na kibiriti. Nacheka lakini nasema kweli: kibanda kisichokuwa na kibiriti cha kufungwa uzi hakigeuki kuwa sebule ya kuvutia. Mteja anunue, aende zake. Mauzo hayafi siku ya kwanza, na mama anapata mita zake mbili.

Mzee_wa_Tambuu

Vijana, hamjambo. Naona mmeshughulika na moshi. Sisi wa tambuu tuko kundi gani? Maana kuna anayesema "bila sigara" na kuna anayesema "bila tumbaku", na kwenye kijaluba changu mna tumbaku, chokaa, popoo na kila kitu. Nikitafuna pale Makadara nami nitaandikiwa faini? Na wa ugoro je?

Kahawa_Chungu

Mzee usijali, wewe wataandika faini ya kuta nyekundu.

Kusi_la_Mrima (mwenye uzi)

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni la maana kuliko unavyodhani.

Miji inayokataza tumbaku yote nje, hata ya kutafuna na kunusa, hutoa sababu mbili: mfano kwa watoto, na uchafu. Za kukataza moshi pekee ni nyepesi kueleza: mwenzako anauvuta bila hiari. Mate ya tambuu hayaingii mapafuni mwa mtu. Yanaingia kwenye ukuta wa watu, na ukuta una kanuni zake za usafi. Kwamba tumbaku ya kutafuna inaleta saratani ya kinywa ni kweli, tena Pwani tunaijua, ila hiyo ni kazi ya mafunzo na zahanati, si ya kirungu.

Kwa hiyo mimi nasema moshi kwanza. Tukianza kupekua vijaluba vya wazee, siku ya pili hakuna atakayetuunga mkono Mji wa Kale.

Mwalimu_Kisauni

Mnasahau vipisi. Sisi hupeleka wanafunzi kuokota taka ufukweni, na chupa zinaonekana mbali, lakini vipisi vya sigara ni vya kuchambua mchangani kimoja kimoja. Watoto wengi hudhani ni pamba au karatasi, kwamba kitaoza. Kichungi kile ni plastiki, nyuzi za selulosi asetati, na kinakaa miaka. Bahari ikijaa inakizoa na sumu yake yote. Duniani inakadiriwa vipisi trilioni 4.5 hutupwa kila mwaka.

Tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa kwenye fuo na mbuga nchini. Mtu akija na chupa ya maji hugombezwa, akija na pakiti ya sigara ana vipande ishirini vya plastiki mfukoni na hakuna anayemuuliza.

Na msiseme haiwezekani. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku 28 Agosti 2017 tuliapa wote kwamba soko la Kongowea litafungwa. Leo watu wana vikapu.

Fegi_Mbili_Tu

Mwalimu, mifuko ilikatazwa kiwandani pia. Sigara kiwanda kinaendelea, kodi inakusanywa, kisha mnakuja kunikamata mimi ufukweni. Hapo pana kinaya.

La vipisi sikupingi. Wekeni vyombo vya kuzimia. Nimezunguka Mama Ngina na kipisi mkononi kama mtu aliyeshika nge.

Baharia_Mstaafu

Nimepita bandari nyingi, niongeze mawili.

Barcelona hawakurukia. Mwaka 2021 walijaribu kwenye fuo nne, wakaangalia watu wanasemaje, ndipo 2022 wakazifunga fuo zote. New York walikataza kwenye bustani na fuo za jiji tangu Mei 2011. Ufaransa tangu 29 Juni 2025 wamekataza kwenye fuo, bustani, vituo vya basi na karibu na shule, faini euro 135, ila meza za nje za mikahawa wakaziacha. Mfaransa na kahawa yake usimguse, hata serikali imeogopa.

Karibu zaidi, jirani zetu Uganda kwa sheria yao ya 2015 huruhusiwi kuvuta ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma. Nzuri kwenye karatasi. Lakini ukipima mita 50 kutoka kila meza pale Mama Ngina, mvutaji itabidi akavutie ndani ya maji.

Watalii hawatakimbia, hiyo hofu tuitoe. Hao wanaotoka Ulaya kwao wameshazoea.

Msimamizi_wa_Ufuo

Na sigara za umeme? Hizo za moshi wa harufu ya maembe. Vijana wa Nyali wote wanazo sasa, ukimwambia anasema "hii ni mvuke tu".

Daktari_Mwanagenzi

Ndani ya huo mvuke mna nikotini, na vingine vya kudhuru. Hatari yake kwa jirani si sawasawa na ya sigara, lakini kanuni ikiziacha nje, mwenye kutekeleza atashinda akibishana na kila mtu ameshika nini. Afadhali ziingizwe pamoja.

Wakili_Kiembeni

Nimesoma yote. Niwape tahadhari ambayo mji huu ulipaswa kuijua kuliko mji mwingine wowote.

Shisha ilipigwa marufuku nchini Desemba 2017. Watu wakakamatwa miaka na miaka. Septemba 2024, hapa hapa kwetu, mahakama ya Shanzu ikawaachilia watu 48 walioshtakiwa kwa shisha. Hakimu hakusema shisha ni dawa. Kilichoangusha kesi ni utaratibu: zile kanuni hazikupelekwa bungeni inavyotakiwa.

Kisha muguka, yale majani ya kutafuna. Mei 2024 gavana wetu akatoa agizo la kuupiga marufuku, na kabla wiki haijaisha mahakama ikalisimamisha. Uwe upande wowote kuhusu muguka, ona jinsi jambo lilivyokwenda.

Kwa hiyo, tafadhali, msiombe agizo. Agizo la kusomwa mbele ya kamera ni rahisi, na linaanguka kirahisi. Ombeni sheria ya bunge la kaunti, yenye ushirikishwaji wa umma ndani yake, wenye vibanda wakiwamo. Kampuni za tumbaku si wageni mahakamani. Kanuni za Tumbaku za 2014 zilipingwa kuanzia Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Juu, na zilishinda Novemba 2019 kwa sababu zilikuwa zimesimama kwenye sheria.

Njia ipo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa mtu yeyote haki ya kuliomba bunge la kaunti litunge, libadilishe au lifute sheria. Hamhitaji kumjua mtu.

Binti_wa_Likoni

Wakili, ushirikishwaji wenyewe usiwe saa nne asubuhi ukumbini mjini. Mama saa hiyo yuko sokoni anachagua mihogo. Waje jioni wanapouzia watu.

Kusi_la_Mrima (mwenye uzi)

Basi nimeandika rasimu ya ombi, fupi, mniboreshee. Kwanza Mama Ngina na ufuo wa Pirates pekee, kwa majaribio, kama walivyofanya Barcelona. Steji zingoje, kule sheria ya taifa ishasema, kilichobaki ni vibao na utekelezaji. Kila sehemu iwe na mahali palipotengwa pa kuvutia, upande usiopeleka moshi kwenye meza, na kwa kuwa kusi na kaskazi havivumi upande mmoja, pachaguliwe na mtu anayezijua pepo, si mchora ramani. Vyombo vya kuzimia. Vibao kwa Kiswahili vinavyoonyesha pa kwenda, si vinavyotisha tu. Miezi ya kwanza onyo bila faini. Baadaye faini ndogo ya papo hapo, ilipwe kwa simu na risiti irudi hapo hapo, pesa taslimu marufuku. Wenye vibanda waache vibiriti vya kufunga uzi, na wasishtakiwe kwa kosa la mteja. Tambuu hazimo.

Mzee_wa_Tambuu

Hapo kwa tambuu ongeza nukta, usije ukabadilisha.

Fegi_Mbili_Tu

Nitatia saini kwa sharti moja. Mahali pa kuvutia pawe na kivuli na pa kukalia. Mkinipeleka kwenye jua la saa nane pale Pirates kama mbuzi wa kuchinjwa, nitarudi chini ya mkoko wa watu, na hamtaniondoa.

Mwalimu_Kisauni

Pirates hakuna mkoko, kuna minazi na mivinje.

Fegi_Mbili_Tu

Mvinje basi. Umenielewa.

Kusi_la_Mrima (mwenye uzi)

Kivuli kimeingia. Lililobaki ni umbali kutoka meza za chakula. Mimi nimeandika mita kumi. Wakili anasema kumi zinatetewa kirahisi, Daktari kwenye ujumbe wa faragha anataka kumi na tano. Binti wa Likoni, kwa jinsi meza za akina mama zilivyopangwa pale, kumi zinapatikana bila kumhamisha mtu?

Binti_wa_Likoni

Upande wa minara ya taa, zinapatikana. Upande wa lango kuu hapana, labda saba. Nipeni hadi Jumamosi, nitakwenda na mama tupime kwa kamba.